Zaka ya Maumivu

Kimya kilipoingia wiki ya pili, Somoe Nandonde alianza kujifinya. Usimcheke. Mwanamke mzima, mwenye kiwanda, anayeamkiwa na watu hata akiwa amewapa mgongo, yuko ofisini mlango umefungwa, anajifinya paja kama mtoto anayesinzia chuoni. Alitaka kujua kama mwili wake bado unasikia. Ulisikia. Paja liliuma, akasonya, akarudi dirishani.

Alikuwa hakaliki. Kiti alikiona kina miiba. Chai iliyoletwa asubuhi ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Nje, mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa bonde la Ruvuma, hayanyeshi wala hayaondoki, na joto lile la kungojea mvua lilikuwa limelalia mabati ya kiwanda. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto kikuku kiliwaka kijani, kikazimika, kikawaka tena. Maana yake watu wake wote wamo ndani ya uzio, wazima, hawaumwi popote.

Hawaumwi. Watu wanaokamua mafuta ya maganda ya korosho hawaumwi. Hebu tuache mzaha.

Aliyekulia Newala anajua ganda la korosho lilivyo na roho mbaya. Utamu uko ndani, na aliyeulinda huo utamu ameuzungushia mafuta yanayobabua ngozi. Bibi zetu waliobangua kwa mkono walijipaka majivu, na bado walizikwa na vidole vyeusi vilivyochunika. Siku hizi mambo yamegeuka. Kokwa zimekuwa kitafunwa tu, na yale mafuta makali ndiyo mali yenyewe: yanachemshwa, yanakamuliwa, yanakwenda kutengenezea betri za magari ya nchi nzima. Kiwanda cha Somoe kilikuwa na vinu vitatu vya kukamulia, na hakuna siku ambayo vinu vitatu viliwahi kuzunguka bila mtu kurukiwa na tone la moto.

Yeye angejua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kikuku.

Sheria ilianza vizuri, kama sheria zote. Kila mwajiri awe na sera ya usalama na afya kazini. Aiandike, aisaini, awasomee wafanyakazi wake waielewe, aipitie upya kazi inapobadilika. Waajiri wakaandika kwelikweli. Walinakiliana wao kwa wao, wakatundika karatasi nyuma ya milango, na watu wakaendelea kukatika vidole chini ya maneno mazuri. Basi wabunge wa kizazi kile, waliochoshwa na misiba, wakapitisha kifungu kigeni: sera isainiwe kwa mwili. Mfanyakazi avae kiraka shingoni, mwajiri avae kikuku mkononi, na yeyote akiumia ndani ya uzio wa kazi, sehemu ya kumi ya maumivu yake imfikie mwajiri palepale alipo, awe mezani, awe msikitini, awe kitandani na mumewe. Maumivu yakizidi kipimo, mtambo uliomuumiza mtu huyo unajizima wenyewe. Serikali iliyaita hayo ushiriki wa lazima. Watu, kwa kuwa ni fungu la kumi kama la mavuno, waliyaita zaka.

Mwanzoni Somoe aliichukia zaka. Baadaye aliizoea, na nikisema aliizoea nina maana alifika mahali akawajua watu wake kwa maumivu yao kuliko kwa sura. Kiuno cha Siwema kilimjia kila alasiri kama mgeni asiyebisha hodi. Jino la Mwanaidi wa ghalani lilimtekenya kila Mwanaidi alipokunywa maji baridi. Akisikia kidole gumba kimeungua, alijua ni Asumini Mkwanda, mkuu wa kinu cha pili, ambaye hapendi glavu. Angeinuka, angekwenda, angegomba, glavu ingevaliwa, na kesho yake yangekuwa yaleyale.

Sasa, tangu wiki mbili, hakuna kiuno, hakuna jino, hakuna kidole gumba.

Mlango uligongwa, akaingia Nangomwa, msimamizi wa kiwanda, mtu mrefu mwenye tabia ya kusimama kama anayesubiri kutumwa.

"Mkaguzi ameshapita Kitangari, bosi," akasema. "Adhuhuri atakuwa hapa."

"Nangomwa, kwa nini siumwi?"

Nangomwa alimtazama. "Si ndiyo heri? Sera inafanya kazi. Mkaguzi akikuta kijani wiki mbili mfululizo, atatuandikia sifa."

"Hakuna aliyeungua wiki mbili?"

"Watu wamekuwa waangalifu. Tangu ulipoanguka, kila mtu ana hofu."

Alipolitaja hilo la kuanguka alishusha macho, na haki yake. Masika yaliyopita mkanda wa kupandishia maganda ulimnasa fundi mmoja mkono. Zaka ilimfika Somoe amesimama uwanjani mbele ya watu wote, akaenda chini kama gunia. Kumbe moyo wake ulikuwa na tundu tangu utotoni, na hakuna aliyejua. Fundi alipona kabla ya bosi wake. Kiwanda kikafungwa mpaka Somoe aliposhonwa moyo na kurudi, wiki mbili hivi nyuma, maana sheria hairuhusu kazi pasipo mwenye kikuku, na hakuna mwingine aliyejitokeza kukivaa. Daktari alimwambia wazi: mshtuko mwingine kama ule, tusilaumiane.

"Nashuka chini," akasema Somoe.

"Bosi, si bora upumzike mpaka mgeni afike?"

Alikuwa keshatoka.

*

Ndani ya ukumbi wa vinu palikuwa na kelele na harufu ile kali inayokwaruza koo. Wanawake walimwona akiingia, na Somoe aliona kitu ambacho siku zote hukiona mtu aliyeingia chumbani akiwa ndiye aliyekuwa anasemwa. Waliinama kazini kwa bidii mno. Mmoja akaanza kuimba.

Asumini alikuwa kwenye kinu chake, anafungua koki kwa mkono wa kushoto. Amevaa glavu. Asumini Mkwanda amevaa glavu bila kugombwa, na Somoe akamsogelea.

"Habari za kazi, Asumini?"

"Njema, Bi Somoe. Moyo unaendeleaje?"

"Unaendelea. Nipe mkono."

Asumini alimpa kifundo cha mkono wa kushoto, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu ambaye mikono yake imechafuka. "Nina mafuta," akasema.

"Wa kulia."

"Nao una mafuta."

"Asumini."

Ule wa kulia haukuja. Somoe aliufuata mwenyewe, akaushika, akaubana kidogo tu juu ya glavu, kama mtu anavyobana nanasi kujua kama limeiva. Uso wa Asumini ulibadilika. Mdomo ulifunguka bila sauti, jasho likamtoka kwenye paji la uso papo hapo. Alikuwa anaumia maumivu ya kumtoa mtu roho, na aliyekuwa akimuumiza ni Somoe, kwa mkono wake mwenyewe.

Na Somoe hakusikia kitu. Kikuku kiliwaka kijani, kikazimika, kikawaka.

Aliuachia mkono ule kama aliyeshika kaa la moto. Akamzunguka Asumini, akamfunua ushungi. Shingoni, pale kiraka kinapokaa, palikuwa na alama ya mraba tu, ngozi iliyopauka kwa kukosa jua.

"Kiraka kiko wapi?"

Macho ya Asumini yalikuwa na umbea wake. Yalikwenda kwenye mlango wa chumba cha kunyonyeshea.

Chumba hicho kilitakiwa na sheria, na wanaume wa kiwanda walikiogopa kuliko tangi la mafuta. Hakuna msimamizi aliyewahi kukanyaga humo. Somoe mwenyewe alikizindua, akakata utepe, akakisahau. Alisukuma mlango.

Siwema, yule wa kiuno, alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, bakuli la uji pembeni. Mikono yake yote miwili, kuanzia viwiko hadi mabegani, ilikuwa imebandikwa viraka, vimepangwa vizuri kama bangili za biarusi. Alikuwa anavuta uradi polepole kwa tasbihi, macho amefumba.

"Siwema."

"Taratibu, mama," akasema Siwema bila kufumbua macho. "Ukinishtua mimi umewashtua watu wa vinu vitatu."

Halafu akafumbua, akaona ni mama yupi. Tasbihi ikamponyoka mkononi.

Mshtuko wake ulimfika Somoe saa hiyohiyo, mara nyingi kwa mpigo, ukamgonga kifuani. Aliegemea mlango. Siwema akaanza kujituliza haraka haraka, anavuta pumzi, anasema astaghafiru, astaghafiru, na kila alivyotulia ndivyo kifua cha Somoe kilivyolegea. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wiki mbili nzima yeye alikuwa akiishi ndani ya mwili wa mwanamke mmoja aliyekaa mkekani akinywa uji.

"Tunakaa kwa zamu," akasema Siwema, machozi yanamlengalenga. "Hata kiuno changu hunyamaza nikikaa hivi. Mwenye moyo mtulivu siku hiyo ndiye anayekaa. Mwenye mgonjwa nyumbani haruhusiwi. Mwenye ugomvi na mumewe haruhusiwi. Kiraka hakijali ngozi ya nani, mradi ina joto na mapigo."

"Nani aliwatuma?"

Aliyejibu ni Asumini, ambaye alikuwa amemfuata na sasa amesimama nyuma yake, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku uliyorudi kutoka hospitali. Tulikupokea getini kwa vigelegele, ukasimama pale sera ilipobandikwa, ukaweka mkono kifuani, ukatuambia, jamani wenzangu, nihurumieni, moyo wenyewe umeshonwa kwa uzi. Ukacheka. Sisi hatukucheka. Mtoto akiwa jandoni, ngoma zinapigwa kwa nguvu mama yake asisikie kilio. Sisi tumekupigia ngoma, basi. Ubaya uko wapi?"

Somoe aliikumbuka siku ile. Alikumbuka pia kwamba yalikuwa maneno tu, ya kuchangamsha watu, maneno ambayo mtu huyasema akashuka ngazi na kwenda zake. Kurasa kumi za sera aliyoiandika kwa ushauri wa wakili, hakuna aliyezitilia maanani. Neno moja la getini lilikuwa limeshika watu kama amri ya mfalme.

"Vua glavu," akasema.

Siwema alisaidia. Sitaeleza sana kilichokuwamo. Kifuniko cha kinu kilifyatuka juzi, mafuta yakamwagikia kiganja na vidole, na kinu hakikujizima, kwa sababu kwa jinsi kinu kilivyoelewa Asumini alikuwa amekaa mkekani anavuta uradi. Walikizima kwa mkono, na kukifikia kulichukua muda. Ngozi ilikuwa imeiva mpaka kwenye kifundo, imeanza kugeuka rangi.

"Juzi," akasema Somoe. "Na umekuja kazini."

"Ningekaa nyumbani ungeuliza kwa nini."

Hospitali ya mkoa ingeweza kuuotesha upya mkono ule. Siku hizi wanaotesha ngozi kama watu wanavyootesha mchicha, mradi mkono ufike kabla mzizi haujafa. Lakini mashine zile haziguswi bila bima, na bima haimtambui majeruhi wa kazini asiyekuwa na zaka. Asumini hakuwa na zaka. Kwa serikali, na kwa hospitali, mkono ule ulikuwa mzima.

*

"Usiseme kitu," akasema Nangomwa, Somoe alipokwisha kumweleza yote. Walikuwa kwenye ujia wa nyuma, na Somoe alikuwa akienda na kurudi, akienda na kurudi, huku Nangomwa akimfuata hatua kwa hatua kama kuku na kifaranga. "Bosi, nisikilize. Sera walisomewa. Kila Jumatatu wanasomewa, na wanaijua kwa moyo. Kifungu kiko wazi: anayevua kiraka kwa hiari yake amejivua mwenyewe. Kosa ni lao."

"Na mkono?"

"Mkono utakatwa." Hakulisema kwa ukatili. Mke wake mwenyewe alifanya kazi kinu cha tatu. "Tutamtunza. Tutampa kazi ya kukaa. Lakini ukisema wewe ndiye uliyevunja sera, mkaguzi anakivua hicho kikuku leo hii. Hutaajiri tena mtu maishani mwako, na kiwanda kinafungwa msimu huu wote. Watu wote wale, bosi. Watakula nini?"

"Tukimvisha kiraka sasa hivi? Zaka ikaandikwa, mkaguzi akaikuta?"

Nangomwa alisimama. "Unajua malimbikizo."

Alijua. Kiraka kikirudishwa kwenye mwili kilioukimbia, hakianzi upya. Kinasoma kwenye uti wa mgongo yote ambayo mwili umeyapitia bila chenyewe, halafu kinadai fungu la kumi la yote, kwa mara moja. Waliotunga sheria waliweka hivyo makusudi, kuwatisha waajiri wasiwavue watu viraka. Hawakufikiria wafanyakazi watakaovivua kwa huruma. Nani angefikiria?

"Utakufa," akasema Nangomwa. "Halafu kiwanda kitafungwa vilevile. Mkono umeuponya, watu umewaua na wewe umejiua. Hiyo ni hesabu gani?"

Na hapo ndipo palipomuuma Somoe, kwa maumivu yake mwenyewe ya bure yasiyohitaji kikuku. Nangomwa hakuwa amesema uongo hata neno moja. Angeweza kunyamaza. Wala asingetakiwa kudanganya, angenyamaza tu, mkaguzi angeona kijani, angekunywa soda yake na kuondoka. Wanawake wenyewe wangemshukuru. Asumini mwenyewe angemshukuru, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alienda mpaka mwisho wa ujia, akarudi, akaenda tena. Honi ikalia getini.

*

Mkaguzi Gaspari Hokororo alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alikataa soda. Alizunguka ukumbi mikono nyuma, akagusa vifuniko, akanusa hewa, akakitazama kikuku cha Somoe kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wiki mbili za kijani," akasema. "Kwenye vinu vya maganda. Sijawahi kuona."

"Tuna watu waangalifu," akasema Nangomwa.

"Naona." Hokororo aligeukia wanawake waliokuwa wamesimama kwa safu. "Sheria inanitaka niwaulize nyie, si bosi wenu. Sera ya kiwanda hiki inasemaje?"

Wakaisoma. Yaani waliisoma bila karatasi, kwa sauti moja, kama watoto wa madrasa: mwajiri atahakikisha mahali pa kazi pana usalama kadiri inavyowezekana, mfanyakazi atavaa kiraka muda wote awapo ndani ya uzio, ajali itaripotiwa bila kuchelewa. Waliisoma vizuri ajabu. Asumini alikuwa katikati ya safu, mkono nyuma, anasoma na wenzake, midomo imemkauka na kuwa myeupe.

Somoe alimwangalia yule mwanamke akitamka ajali itaripotiwa bila kuchelewa, na miguu yake, iliyokuwa haijatulia tangu alfajiri, ikatulia.

"Hiyo siyo sera ya hapa," akasema.

Sauti zikakatika moja moja.

"Hiyo ni karatasi. Sera ya hapa ina neno moja tu, nihurumieni. Niliitoa mimi mwenyewe pale getini, kwa mdomo wangu, na hawa wameifuata barabara. Viraka vyao viko chumba cha kunyonyeshea, kwenye mikono ya mtu mmoja, ili mimi nisiumwe. Asumini Mkwanda ameungua juzi kwenye kinu cha pili, na kinu hakikujizima. Kosa la kuvua viraka ni langu. Wao wametii."

Nangomwa alifunika uso kwa kiganja. Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa teke. Siwema alikuwa ametoka mlangoni na viraka vyake mikononi, akasema kwa sauti kali, "Na sisi tutakula nini, Bi Somoe? Umetuuliza?"

"Sikuwauliza," akasema Somoe. "Tangu nianze sikuwahi kuwauliza kitu. Mtakula nini sijui, Siwema. Najua tu kwamba Asumini atakula kwa mkono gani nikinyamaza."

Hokororo alikuwa ametoa kalamu yake, lakini hakuwa ameandika. "Mama," akasema taratibu, "nikishaandika hayo, naondoka na hicho kikuku. Sheria inamruhusu mwingine akivae, akipatikana. Wewe hutakivaa tena."

"Naelewa. Ila usikivue kwanza. Anahitaji zaka yake iandikwe kikiwa bado mkononi mwangu. Siwema, mpe Asumini kiraka chake."

Siwema alikibandua, akakishika kwenye ncha za vidole. Asumini alirudi nyuma hatua moja.

"Sivai."

"Asumini."

"Nikuue mbele ya serikali? Sivai. Mkono ni wangu, mimi nimeshauzika moyoni mwangu. Wewe una moyo mmoja."

"Mwanao mkubwa alipokuwa jandoni," akasema Somoe, "ulipigiwa ngoma?"

"Nilipigiwa."

"Ungemsikia akilia, ungefanya nini?"

Asumini alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Ningekwenda kumtoa."

"Ndiyo maana mama hufichwa. Akisikia, atamtoa mtoto kabla kazi haijaisha. Mimi si mama yako, Asumini. Ni mwajiri wako. Nimewekwa hapa nisikie, nikikusikia nikutoe. Ukinipigia ngoma mimi, nani atakutoa?"

Kinu cha pili kilikuwa bado kinazunguka, kinanguruma peke yake. Asumini alilia bila kujifuta, kwa kuwa mkono wa kujifutia ndio huo. Kisha aliinamisha kichwa, akavuta ushungi pembeni, na Siwema akakibandika kiraka mahali pake.

Kikuku kikawa chekundu.

Somoe alikuwa amekaa chini kabla hajajua kuwa amekaa. Mkono wake wa kulia uliungua, ukaungua tena, ukaungua siku ya juzi na usiku wake na jana yote, vidole vyake vikajikunja vyenyewe. Akasikia sauti nzito ikishuka, ikishuka, mpaka ikakoma. Kinu cha pili kilikuwa kimejizima. Sehemu ya kumi, akawaza, hii ni sehemu ya kumi tu, na yule alikuja nayo yote kazini akaniuliza hali ya moyo wangu.

Hokororo alikuwa amepiga goti mbele yake, anaandika. "Zaka imeingia," akamwambia Nangomwa. "Gari langu liko getini. Mpeleke huyu mama aliyeungua hospitali ya mkoa sasa hivi, usingoje mvua."

Nangomwa alikwenda. Asumini aligeuka mara moja mlangoni, akatoka.

Hapo Siwema akaanza kubandua viraka vilivyobaki. Hakuambiwa. Alibandua kimoja akampa mwenzake, akabandua cha pili, cha tatu, na wanawake wakavipokea mmoja mmoja, wakainama, wakavivaa. Wengine walikuwa na hasira na Somoe bado, ilionekana. Walivivaa na hasira zao.

Na maumivu yao yakaanza kumjia Somoe. Hokororo, ambaye sheria ilimtaka aandike kila zaka na jina la mwenye nayo, alisubiri na kalamu yake.

"Kiuno," akasema Somoe, macho amefumba. "Huyo Siwema. Ana jipya, limeshuka mpaka mguuni. Andika."

Kalamu ikatembea.

"Jino. Mwanaidi wa ghalani. Nimemwambia akang'olewe." Alivuta pumzi. "Macho, yanawasha. Macho ya watu wengi. Hewa ya ukumbi huu ni mbaya, bwana mkaguzi, na mimi sikuijua. Andika."

"Naandika."

Mvua ikaanza kugonga mabati, matone makubwa ya mwanzo, moja hapa, moja kule. Somoe aliinua mkono taratibu, akauweka kifuani, upande wa kushoto, akaubana hapo.

"Na hilo?" akauliza Hokororo. "Hilo la nani?"

"Hilo langu," akasema Somoe. "Hilo usiliandike."